Magazeti ya Laidi

Laidi alizaliwa asubuhi ya Idi ya kuchinja, damu ya kondoo ikiwa bado mbichi uani, ndipo wakamwita hivyo: Laidi, yaani Idi. Kwetu jina hilo si kioja. Kioja ni kwamba katika miaka kumi na mmoja aliyokaa kituoni, Idi hiyo aliila nyumbani kwake mara mbili tu.

Kituo chetu kilikuwa cha kupima hali ya hewa, kusini kabisa, mwendo wa siku mbili kwa lori. Tulikuwa watu wanne. Mkuu wetu, Si Tahar, yaani Bwana Tahar, alikuwa anangojea kustaafu na hakutaka kusumbuliwa na mtu. Kuider alishika redio, akituma tarakimu zetu kaskazini. Mimi, Lakhdar, nilikuwa fundi wa jenereta, na kwa kuwa wenzangu hawakujua hata kukaanga kitunguu, nikawa mpishi pia. Kazi yenyewe aliifanya Laidi: kusoma vipimajoto, kuandika upepo, kurusha puto alfajiri na jioni.

Nikimwuliza, "Leo vipi?" hunijibu, "Arobaini na sita."

"Na jana?"

"Arobaini na sita."

"Sasa unapima nini, bwana wee?"

"Napima kama bado ni arobaini na sita."

Lori lilikuja mara moja kwa mwezi. Lilileta dizeli, unga, vitunguu, barua, na bunda la magazeti ya Laidi, ambayo nduguye alimkusanyia kule Tolga, kwao kwenye mitende. Magazeti thelathini, yamefungwa kamba. Laidi alisoma moja kwa siku, kwa mpangilio wa tarehe, wala hakuchungulia la kesho. Kwa hiyo dunia yake ilikuwa nyuma ya yetu mwezi mzima. Waziri aliyekwisha kufukuzwa, kwa Laidi alikuwa bado anafungua madaraja. Redio ikianza kusoma habari, yeye huchukua bilauri yake ya chai akatoka nje.

"Habari ni kama mkate," alisema. "Huwezi kula wa kesho leo."

"Wewe unakula mkate wenye ukungu!" Kuider alimcheka.

Siku za Idi, ile ndogo na ile ya kuchinja, lori lilichukua mtu mmoja tu kwenda kwao na kumrudisha, kwa zamu, siku kumi. Mwaka ule zamu ya Idi ya kuchinja ilikuwa ya Laidi. Tulipokuwa tunamenya vitunguu alinieleza mambo yake. Mkewe, Zulikha, alikuwa hapatani na mama mkwe. Laidi alikuwa ameanza kumjengea chumba chake peke yake, na mlango wake, na jiko lake. Kuta zimesimama, paa hakuna. Zulikha amesema atangoja mpaka Idi hii, si zaidi.

"Siku kumi hazitoshi kuezeka," aliniambia. "Ningepata ishirini, Lakhdar, ningemaliza."

Nikayapeleka maneno hayo kwa Kuider. Kwa nini? Kwa sababu hatukuwa na jambo jingine la kuzungumza. Ukikaa jangwani, siri ya mwenzako ni kama nyama: haikai siku mbili bila kuliwa.

Kuider akafikiri, akatabasamu. Jioni ile Laidi alipokwenda kurusha puto, mimi nikafungua kamba ya bunda na Kuider akatafuta ukurasa wa michezo. Timu ya Tolga ilikuwa ya daraja la chini, redio haikuitaja hata siku moja. Kwenye gazeti la tarehe kumi na mbili tukaikuta: imefungwa tatu bila, tena nyumbani. Laidi alikuwa amefika tarehe nane. Nikayapanga magazeti, nikafunga kamba vilevile.

Wakati wa chai Kuider akaanza. "Hiyo timu yenu ya wauza tende, siku hizi itafungwa hata na chekechea."

"Wiki hii wanacheza nyumbani," Laidi akasema. "Msimu mzima hawajafungwa nyumbani."

"Basi weka kitu."

"Kamari haramu."

"Kamari ni ya pesa. Mimi nakuambia zamu. Wakishinda, au hata wakitoka sare, nakupa siku zangu kumi za likizo, uzitie juu ya zako. Wakifungwa, Idi yako naichukua mimi."

Laidi akaweka bilauri chini. Nilimwona anahesabu: kumi na kumi. Akageuka kwangu. "Lakhdar, wewe unasemaje?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Nikasema, "Timu yenu nzuri, ndugu yangu. Sijui unaogopa nini."

Wakapeana mikono. Si Tahar akasema wakipatana wenyewe yeye hana neno.

Siku ya nne Laidi akafungua gazeti la tarehe kumi na mbili. Akasoma, akarudia kusoma, akalikunja taratibu kama anayekunja nguo ya maiti.

"Tatu bila," akasema. "Wanasema kipa alikuwa na homa."

Kuider akajitupa kwenye mkeka, akashika tumbo. "Idi imekosa Idi! Jamani, Idi imekosa Idi!" Nami nikacheka mpaka machozi. Tulimwita hivyo wiki tatu nzima, kila alipopita: Idi-kosa-Idi, lete chumvi; Idi-kosa-Idi, kwenu wanachinja nini?

Lori lilipokuja, Laidi akampa Kuider kifurushi. Njia ya kwao Kuider ilipita Tolga. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kijani cha Zulikha na viatu vya binti yao mdogo, vitu alivyoagiza kwa dereva miezi mingi nyuma.

"Mwambie kazi imenizuia," Laidi akasema. "Mwambie hivyo tu, Kuider. Nakuomba."

"Usijali, mzee."

Sisi tuliobaki tulichinja kondoo aliyekuja na lori. Laidi ndiye aliyeshika kisu. Kisha akanawa, akaenda kusoma vipimajoto, kwa sababu hewa haina sikukuu.

Kuider alirudi amenenepa. Tukiwa tumekaa wote, akasimulia. "Nilipokewa kwa heshima kule Tolga, wallahi! Baba mkwe wako yupo, shemeji zako wapo, sahani imejaa. Wakaniuliza, mwenzetu yuko wapi? Nami nikawachekesha. Nikawaambia, kaiweka Idi yake kwenye mpira, ikaliwa! Walicheka, baba mkwe wako karibu apaliwe."

"Na Zulikha?" Laidi akauliza.

"Alikuwa nyuma ya pazia. Sikumsikia akicheka, lakini wanawake, unajua tena."

Laidi hakumgusa. Nilidhani atampiga, na moyoni nilitamani ampige.

Lori la mwezi uliofuata lilileta barua ya nduguye. Zulikha alikuwa amemchukua mtoto akarudi kwa wazazi wake, na baba yake alikuwa anataka talaka. Kitambaa cha kijani alikiacha juu ya ukuta wa kile chumba.

Nilivumilia siku sita. Siku ya saba nilimfuata kwenye kisanduku cha vipimajoto, nikamwambia, "Yale magazeti tuliyafungua. Tulijua matokeo."

"Lini?"

"Kabla hujaweka."

"Na uliponiambia timu yetu nzuri?"

"Nilikuwa najua."

Akasoma kipimajoto, akaandika, akafunga kijimlango cha mbao. "Kwa nini unaniambia sasa?"

"Silali, Laidi."

"Haya, leo utalala," akasema. "Mimi je?"

Hakurudia kuzungumza habari hizo, kwangu wala kwa Kuider. Talaka aliitoa kwa barua. Aliendelea kupika chai, kupokea bilauri yake, kujibu akiulizwa. Magazeti aliyasoma kama zamani, moja kwa siku. Ila kila zamu yake ya Idi ilipofika, alimwachia yeyote aliyeitaka, kama mtu anayekuachia kiti. Kuider aliichukua mara mbili, bila haya.

Mara ya tatu niliitaka mimi. Nilimkuta anaosha sahani yake kwa mchanga.

"Laidi," nikamwambia, "mama yangu mgonjwa."

"Nenda," akasema, hakuinua hata uso. "Umsalimie."

Mama yangu hakuwa mgonjwa. Nilimkuta uani anapepea makaa, maini yamezungushiwa mafuta kwenye mishikaki. Akaniuliza nani amebaki kituoni sikukuu hii. Nikamwambia yuko mtu mmoja, hana familia. Akanipa mshikaki wa kwanza, nikala.