Askari Anayepokea Suti

Askari anayepokea nguo za mahabusu katika mahakama ya serikali kuu hana haraka. Kila suti huilaza mezani, akapapasa pindo, akatoa mifuko nje, kisha akachomoa mkanda na kumrudishia aliyeileta. Leo Verlene ameleta suti aliyovaa mwanawe, Cortez, siku juri ya mahakama ya jimbo, wale raia wanaoamua kesi, ilipomwachia huru.

"Bastola ile ile, usiku ule ule! Mtamshtaki mara ngapi?" Verlene anafoka.

"Ile ilikuwa sheria ya jimbo, mama. Hii ni ya serikali kuu, na kila moja hushtaki kivyake," anasema askari, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni chooni.

"Mngekuwa na serikali tatu angeshtakiwa mara tatu?"

Askari anaivuta suti karibu. Anakishika kiuno cha suruali na kukikunja upana wa vidole vitatu.

"Amekonda. Bila mkanda itamshuka mbele ya juri, na watajua analala ndani. Kaipunguze. Nitakusubiri."

Verlene anainyakua. Anaishonea ndani ya gari lake, akimlaani mtu yule kila anapochoma sindano, na kukifuata kipimo chake sawasawa.