Alama Moja Iliyomwondoa Shangazi Kwenye Maziwa

Kosa ni langu, na msinitetee!

Mimi ni kijana wa Iyunga, Mbeya, naandika programu za kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata kwa shangazi yangu wa Igowole. Yeye alikuwa mpimaji wa maziwa kwenye ushirika wa wafugaji, akaniombea kwa mwenyekiti nitengeneze mfumo: akishapima anabonyeza majibu kwenye simu, mfugaji anapata meseji.

Siku moja nikarekebisha kitu kidogo, sikukijaribu. Jamani! Kesho yake asubuhi wafugaji wote wakapata meseji ileile: "Maziwa yako yamekataliwa. Yametiwa maji."

Watu wazima, waumini, wanaambiwa wezi! Wakamvamia shangazi kwa matusi. Akanipigia analia.

"Baba, hebu angalia huko kwenye kompyuta. Mimi nimebonyeza 'safi'."

"Shangazi, kompyuta haikosei. Umebonyeza vibaya."

Hata sikufungua kuangalia! Mwenyekiti naye aliponiuliza, nikamjibu hivyohivyo. Wakamwondoa siku ileile.

Jioni ndipo nikafungua programu. Mahali pa kuuliza kama maziwa yana maji, panatakiwa alama mbili za 'sawa na' (==). Nilikuwa nimeandika moja. Kwa hiyo kompyuta haikuuliza, iliamua tu: yana maji. Ya kila mtu!

Nikaongeza alama iliyokosekana, nikafunga laptop. Sikusema. Niliona aibu, halafu mwenyekiti alishaanza kunisifia kwa ushirika mwingine. Tamaa hiyo!

Shangazi akaitwa mchonganishi. Jumuiya yao ya kanisa inasali nyumba kwa nyumba. Kwake hawakufika tena. Nilisikia yote hayo, nikanyamaza miezi na miezi.

Mwishowe nikapanda basi. Nikaenda Igowole, nikasema mbele ya mkutano. Wakamwomba arudi, akakataa. Nikapiga magoti uani kwake. Hakunifukuza, aliendelea kuchambua maharage.

"Kukosea ningekusamehe, baba. Lakini mimi nilikuomba uangalie."

Simu zangu hapokei mpaka leo.

Ninyi mnaoandika programu, mtu akikwambia mashine yako imekosea, fungua uangalie kwanza, hata kama mtu mwenyewe hajui kompyuta ni nini. Na ukikuta kosa ni lako, sema siku hiyohiyo! Mimi nilipokuja kusema, aibu yote alikuwa ameshaibeba yeye.