Nyapara alisema mkunjo haupimiki bila vifaa vya Dar, nikaupima kwa kamba

Wakuu, hamjambo humu.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na kitu. Nasema, mjukuu anachapa. Haya niliyafanya kwa mikono yangu, sina haja ya kutia chumvi.

Juzi huyu mjukuu alikuwa anachora gari kwenye kompyuta. Anaweka mistari iliyonyooka, programu inakata kona, inakata tena, mpaka mstari unakuwa laini. Akaniambia hizo ni hesabu za wataalamu wa Ulaya.

Nikamwambia hiyo mimi nimeifanya kijijini kwetu Kaole, miaka ya sabini, kwa kamba ya katani. Akacheka.

Ndiyo maana niko hapa.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi cherehani. Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, tukamzika kwenye makaburi ya ukoo, kando ya njia.

Ikaja barabara ya kijiji. Asubuhi moja nikakuta vigingi vimepangwa mstari mmoja, na kimoja kimekitwa miguuni pa kaburi la mama.

Nikamfuata nyapara wa vibarua wa barabara, mtu mzima, jina lake Kibwana.

"Shikamoo mzee. Hapa amelala mama yangu."

"Marahaba binti, pole. Lakini tukizunguka tunapata kona mbili kali, lori litapinduka. Mkunjo laini unapimwa kwa vifaa, na vifaa viko Dar."

"Basi nitaupima mimi."

Vibarua walicheka sana. Yeye hakucheka. "Una mpaka adhuhuri. Ikiadhiniwa tu, tunaanza kufyeka."

Nieleze kidogo hapa. Fundi anayetaka kupata kitambaa cha meza cha mviringo kutoka kwenye cha mraba hahitaji bikari. Kila upande anaugawa sehemu nne, anatia alama robo ya kwanza na robo ya mwisho, anakata kona. Kona zinaongezeka, lakini zinakuwa butu. Anarudia. Mara ya tatu au ya nne jicho halioni kona tena.

Nikamwita shangazi yangu Zena ashike upande wa pili wa kamba. Tukaweka mistari mitatu mirefu: wa kwanza unaiacha njia ya vigingi vyao, wa kati unapita pembeni ya makaburi, wa tatu unarudi njiani. Kona mbili. Kila mstari tukaupima kwa kamba, tukaikunja sehemu nne, tukakita vijiti kwenye robo, tukaunganisha.

Tulipoanza duru ya pili, Kibwana akaja.

"Binti, kila ukikata, unaisogeza barabara kwenye makaburi. Utamfikia mama yako wewe mwenyewe."

Wakuu, hoja yake ilikuwa na maana, na ilinichoma.

Nikachana kipande cha kitambaa chekundu, nikakifunga kwenye kijiti katikati kabisa ya ule mstari wa kati, mkabala na kaburi la mama, hatua nane kutoka hapo.

"Mzee, mimi nakata ncha. Katikati siigusi. Nikate mara kumi, nikate mara mia, barabara itapita hapa hapa. Ikisogea hata unyayo mmoja, piteni mnapotaka."

Shangazi alinifinya mkono. Nilikuwa nimeweka kaburi la mama rehani mbele ya watu.

Tukakata duru ya tatu. Ya nne.

Kibwana akapita juu ya vijiti polepole, mikono kama ameshika usukani. Akasimama kwenye kitambaa, akahesabu hatua mpaka kaburini. Nane vilevile. Akarudi mwanzo, akapita tena.

Adhana ikatoka. Akawageukia vibarua: "Ng'oeni vile vigingi vya zamani."

Nilikaa chini nikalia mbele ya wanaume wote wale, wala sikuona haya.

Siku chache baadaye mkubwa wake alikuja kukagua, Kibwana akamwambia mkunjo kaupima yeye mwenyewe, Kibwana. Nilikuwepo. Nikasema kwa sauti, "Samahani mzee, hilo si kweli. Nimepima mimi, na shangazi huyu hapa ni shahidi."

Hawakuandika jina langu popote. Lakini walinisikia.

Idi iliyopita nilikwenda kumwombea mama dua. Magari yanapita pembeni, yeye amelala.

Nilichojifunza: mtu akikwambia jambo haliwezekani, mwulize kama haliwezekani kweli, au ni yeye tu hajui njia.

Mainjinia wa humu, karibuni mnipinge. Kuchekwa nimeshazoea, leteni hoja.