King'ora cha Saa Saba

Miaka ile miwa ilipokuwa inalipa, sisi wa Ekero tulikula kwa king'ora. Kiwanda cha sukari kikilia saa saba mchana, baba alitoka shambani, mama aliepua obusuma, ugali wetu, na sisi watoto ndipo tulipoanza kusikia njaa.

Siku moja kiwanda kilisimama ili mitambo itengenezwe, na hakuna aliyetuambia. Jua likapita utosini. Baba aliitazama saa yake mpya ya mkononi, akaitikisa, akaiweka sikioni, akatangaza kwamba imeharibika. Mama alifunika obusuma, akakataa katakata kupakua kabla ya wakati. Tukakaa mezani, tunasikiliza.

Nyanya, ambaye alikuwa ameshakula kwake, alichungulia mlangoni. "Kwani na matumbo yenu yameajiriwa kiwandani?"

Tulicheka mpaka baba akashika mbavu. Tukala, tukashiba, tukakwangua sufuria.

Jioni mafundi wakakijaribu king'ora, kikalia kwa nguvu zote. Baba akainuka, akanawa mikono, akaketi mezani. "Mama watoto, lete chakula."

Kumwangalia mama, alikuwa ameshateleka maji.