Wasifu wa Mume Aliye Hai

Nilirudi shule nikiwa na miaka arobaini na tisa, kwa sababu ya dereva mmoja wa lori niliyemgeuza mwanamke siku ya mazishi yake.

Nina kibanda cha kuchapisha karatasi pale Ndhiwa, karibu na soko. Watu huniletea barua za kuomba kazi, fomu za kujaza na vyeti vya kutoa nakala, lakini kazi iliyonipa jina ni wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Lazima pawe na kijitabu chenye picha yake juu ya jalada, ratiba ya ibada katikati, na maisha yake yote yamebanwa kwenye kurasa mbili. Familia nyingine hutaka Kiingereza, nyingine Dholuo, na zile zilizooana na Wakuria wa upande wa Migori hutaka Kiswahili ili wakwe nao wapate kusikia. Zote nilikuwa naziandikia. Nilikuwa na mfano mmoja kwenye kompyuta. Nabadilisha jina, tarehe na idadi ya watoto, na marehemu yuko tayari kabla chai yangu haijapoa.

Kila niliyemwandikia alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mchapakazi na mpenda amani. Mlevi nilimwita mtu wa watu. Mgomvi nilimwita mtu mwenye msimamo.

Basi siku hiyo ya dereva, stima ilikuwa inapotea na kurudi, nami nina haraka. Nikafungua faili ya mama mmoja wa kanisa niliyekuwa nimemwandikia wiki iliyotangulia, nikabadilisha jina, picha, tarehe na idadi ya watoto, nikachapisha. Kesho yake mchungaji akasimama mbele ya umati na kusoma kwa sauti nzito kwamba marehemu alikuwa nguzo ya kikundi cha akina mama, na kwamba Mungu alimjalia kujifungua watoto saba salama salimini.

Mwanawe mkubwa alikuja kibandani akiwa bado amevaa suti ya mazishi. Nilitarajia matusi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka kijitabu juu ya meza, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kofi.

"Mama, baba yetu alizaa watoto saba, hiyo ni kweli. Lakini hakujifungua."

Nilimwomba msamaha mpaka maneno yakaniishia. Nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu. Alicheka kwanza, akacheka tena, kisha akaona machozi yangu, akanyamaza. Yeye ni mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache kwa watu na mengi kwa redio, kwa sababu kila taarifa ya habari lazima abishane na msomaji.

"Nenda shule," akasema. "Wewe unaandika kama muhuri."

Tangazo la kozi ya uandishi alikuwa ameliona kwenye ubao wa kanisa na kulinyamazia kwa muda. Chuo kilikuwa Homa Bay, masomo ya watu wazima, Ijumaa asubuhi na Jumapili. Sabato yetu ya Jumamosi ingebaki salama. Nikajisajili.

Darasani tulikuwa kumi na mmoja. Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, binti wa familia ya Kiislamu yenye duka la vitambaa pale mjini. Alizaliwa papo hapo Homa Bay, na Dholuo chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu. Lakini Kiswahili alikipata nyumbani kwao, na mtu akikikosea alikuwa anafumba jicho moja kama aliyeuma ndimu.

Mimi nilimfumbisha jicho mapema. Insha ya kwanza ilikuwa juu ya safari ya kuja chuoni. Sisi wengine "sh" hututoka mdomoni kama "s", na kumbe hata mkono wangu ulikuwa na lafudhi hiyo hiyo. Niliandika kwamba nilisuka stendi ya Homa Bay saa mbili asubuhi, nikiwa na furaha nyingi.

"Mama," mwalimu akaniuliza, "nani alikusuka pale stendi?"

Sikuelewa. Nikamjibu kwamba nilisuka mwenyewe, bila kusaidiwa. Darasa likacheka mpaka kiongozi wetu, askari jela mstaafu mwenye kifua kama pipa, akalazimika kupiga meza. Nilipoeleweshwa, nilirudi nyumbani nikaapa kuchunga kila "s". Wiki iliyofuata nikaandika juu ya babu yangu aliyekuwa akinoa "kishu". Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Tusizidishe, mama."

Kosa la herufi lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa lile la muhuri. Nikiandika kwamba mtu fulani alikuwa mkarimu, naletewa karatasi imeandikwa: "Alimpa nani nini?" Nikiandika kwamba alipendwa na wengi: "Taja mmoja." Pembeni mwa kila aya kulikuwa na swali. Wapi? Lini? Ulimwona? Nilimwonyesha askari jela, akatikisa kichwa.

"Hata mimi wafungwa sikuwauliza hivi," akasema.

Wiki ya nne tukapewa kazi ya kuandika ukurasa mmoja juu ya mtu tunayemjua vizuri. Nikachagua mume wangu, maana tumeishi pamoja miaka ishirini na saba. Nikakaa kibandani asubuhi, kati ya mteja na mteja, na mkono ukakimbia wenyewe. Alizaliwa akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanane. Alikuwa mume mwenye upendo, baba mlezi na mkulima hodari. Alikuwa mcheshi na mpenda amani. Tutamkumbuka daima kwa unyenyekevu wake.

Sikuisoma tena. Nilimkabidhi mwalimu Ijumaa nikaenda zangu. Jumapili nikaamka na malaria, mifupa yote inauma. Simu yangu ilikuwa imezimika tangu jana yake na sikuwa na nguvu ya kuipeleka kuchajiwa. Kwa hiyo sikuenda darasani, wala sikutoa habari.

Kumbe Jumapili hiyo mwalimu aliingia darasani na karatasi yangu mkononi, akaona kiti changu kitupu. Akauliza kama kuna aliyesikia lolote. Simu ikapigwa, haipatikani. Wakasoma ule ukurasa pamoja, mara mbili. Wote wakakubaliana kwamba mama amefiwa, na kwamba hakuwa na nguvu ya kusema ila kwa kuandika.

Jumanne alasiri nikiwa nimejifunika blanketi chumbani, nilisikia wimbo wa mazishi nje ya lango letu. Sauti nzito ya askari jela ilitangulia, wengine wakifuata nyuma yake. Nikafikiri homa imenipanda kichwani. Nikajikokota hadi dirishani. Darasa zima lilikuwa limesimama nje, wanawake wamejifunga leso viunoni. Mmoja amebeba sukari, mwingine mikate, na mwalimu amejitanda mtandio mweusi.

Mume wangu alikuwa kwenye zizi, suruali imekunjwa hadi magotini, mikono imejaa samadi. Akavua kofia kwa heshima ya wimbo, akangoja uishe. Kisha akawasogelea na uso wa huzuni.

"Poleni sana, wageni," akasema. "Nani ameaga?"

Askari jela akamshika bega. "Wewe ni ndugu yake marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Mwenye boma hili."

Mume wangu akageuka kutazama nyumba, kisha akajitazama mwenyewe, kuanzia miguuni. "Mwenye boma ni mimi," akasema. "Na tangu asubuhi nimekamua ng'ombe wawili."

Mama mmoja aliyekuwa amejiandaa kulia alishindwa kuzuia kilio kilichokwisha kuanza, akakimalizia kwa kicheko. Mimi nilitoka na blanketi langu, natetemeka, sijui ni malaria au ni aibu. Mwalimu akaniona, akamwona mume wangu, akatoa ile karatasi kwenye mkoba wake. Kabla sijaifikia, mume wangu alikuwa amefuta mikono kwenye suruali na kuichukua.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. Watu kumi na mmoja walisimama uani mwetu wakimngoja mtu amalize kusoma wasifu wake mwenyewe. Nilifikiri atakasirika kwa sababu nimemzika. Alipomaliza, akarudi juu akasoma tena.

"Kufa si neno," akasema mwishowe. "Kila mtu atakufa. Lakini huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba," nikasema.

"Mimi niko wapi hapa? Mpenda amani? Mimi juzi nilimfukuza mtu wa kununua miwa mpaka barabarani. Unyenyekevu? Uliza kanisani. Weka hapa jina la jirani yetu, na hakuna mtu atajua." Akanigeukia, na hapo nikaona kwamba ameumia kweli. "Miaka ishirini na saba, na hii ndiyo umeona?"

Mwalimu akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Jaduong', mzee wangu, somo la muhula mzima umelimaliza wewe."

Tuliwakaribisha ndani. Chai ikapikwa kwa sukari ya msiba, na mikate ya msiba ikaliwa yote. Mume wangu aliketi katikati kama mgeni rasmi, akawasimulia mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia. Askari jela alipoondoka alimpa mkono na kumwambia kwamba amefurahi kumkuta.

Homa iliponipungua, nilianza kumtazama mume wangu. Ni jambo la ajabu kumtazama mtu uliyemzoea. Siku ya soko tulikwenda pamoja kwa miguu kama kawaida, yeye mbele, mimi nyuma, maana goti langu la kushoto ni bovu na kile kilima cha kutoka kwetu hulichokoza. Kila baada ya hatua kadhaa aliinama kufunga kamba za viatu. Mimi namfikia, yeye anainuka, tunaendelea. Baadaye anainama tena. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka na miaka. Siku hiyo ndiyo kwanza nilitazama miguu yake. Alikuwa amevaa champali.

Nilisimama pale kilimani nikashindwa kusogea.

"Goti?" akauliza, bila kugeuka.

"Hapana," nikasema. "Vumbi limeniingia machoni."

Ukurasa wa pili niliuandika kwa siku sita. Sikusema popote kwamba ni mume mwenye upendo. Niliandika kilima, goti, na mwanamume anayefunga kamba zisizokuwepo. Niliweka na redio, na yule mnunuzi wa miwa anayekimbia na kiatu kimoja. Mwalimu aliusoma mbele ya darasa, na alipofika kwenye champali hakuna aliyecheka, tofauti na nilivyotarajia. Pembeni hakuuliza kitu. Alisahihisha "sh" mbili, akaandika: "Huyu nimemwona."

Muhula ulipokuwa unaelekea mwisho, mabinti wawili walikuja kibandani kutoka Sindo. Mama yao alikuwa amefariki, mwanamke aliyekausha na kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, maisha yake yote, na shemeji zao walikuwa Wakuria, kwa hiyo walitaka Kiswahili.

"Andika tu ile ya kawaida," mkubwa akasema. "Alikuwa mpole."

"Alikuwa mpole?" nikauliza.

Wakatazamana. Mdogo akaanza kucheka huku akilia. Nikafunga ile faili ya mfano, nikachukua kalamu na daftari, nikawauliza maswali yote niliyowahi kuulizwa kwa wino mwekundu. Alikaa wapi? Alisema nini akikasirika? Nani alimwogopa? Walikaa mpaka uji niliowapa ukaganda kikombeni.

Niliandika kwamba marehemu alikuwa mkali. Kwamba mtu aliyekanyaga neti yake ya kuanikia omena, hata awe mzee wa kanisa, alimwagiwa maji baridi kabla ya kusalimiwa. Na kwamba wasichana wa jirani walipokosa sare za shule, ni yeye aliyekwenda kwa baba zao, mmoja baada ya mwingine, akasimama mlangoni na ndoo yake mpaka sare zikanunuliwa.

Siku ya mazishi nilikwenda Sindo mwenyewe, maana nilikuwa naogopa. Binti mdogo alisoma. Mtoto wa kiume wa marehemu, anayeishi mbali, alikaza uso tangu neno "mkali" hadi mwisho, na mpaka leo hanisalimii. Sehemu nyingine ya umati ilikuwa inacheka, nyingine inalia, na akina mama wa ufukweni walikuwa wanafanya yote mawili.

Watu walipoanza kupakuliwa chakula, bibi mmoja mdogo wa umbo alinishika mkono. Alikuwa dada yake marehemu. Kiswahili hakijui vizuri, akaniomba nimsomee tena kwa Dholuo. Tukakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya hema, nikamsomea neno kwa neno. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye maji, akanizuia kwa kidole.

"Hapana," akasema. "Haikuwa maji baridi. Ilikuwa maji ya kuoshea samaki. Dada yangu asingepoteza maji safi kwa mtu mjinga."

Nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikayakata yale maji baridi, nikaandika juu yake. Akanishikia kijitabu kisipeperushwe na upepo wa ziwani. Kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Sasa rudi mwanzo," akasema. "Kuna mengine umekosea."