Mama Anadhani Namwonea Kinyaa

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana wifi yangu hakosi kwenye ukurasa huu na ni hodari wa kuunganisha mambo. Nina miaka 33, ni fundi cherehani, nimeolewa hapa Ipogolo, Iringa. Watoto sina. Mama yangu anaishi Mbeya, Soweto, kwa kaka yangu na huyo wifi, pamoja na wajukuu wawili wadogo ambao hawapati usingizi mpaka wajibane kwa bibi yao.

Mwaka huu mama aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa akitokwa damu muda mrefu na kunyamaza, mnawajua wamama zetu. Kabla ya kuanza matibabu daktari alitaka apigwe picha za PET na MRI kwa pamoja. Alitueleza vizuri tu kwamba kwa mgonjwa kama yeye miongozo yao inashauri hivyo: MRI inaonyesha uvimbe umefika wapi ndani ya nyonga, na PET inaonyesha kama umeshasambaa kwingine. Kipimo hicho huku kwetu hakipo, ikabidi tusafiri. Kaka akagharamia, mimi nikamsindikiza.

Wakati huo nilikuwa na mimba changa. Aliyejua ni mume wangu tu. Mimba mbili za nyuma zilitoka, na baada ya ile ya pili ni mama mwenyewe aliyeniambia kwamba nikishika tena nisimwambie mtu, hata yeye, mpaka tumbo liseme lenyewe. Kwetu mimba haitangazwi. Nikashika neno lake kama nilivyolelewa.

Pale hospitali walimvua hereni na bangili kwa sababu mashine ya MRI haitaki chuma. Mama akawatania kwamba wakiendelea hivyo watabaki na roho tu. Tukacheka wote. Kisha muuguzi akatueleza kuwa atachomwa dawa yenye mionzi, hivyo mpaka kesho yake asibebe watoto wadogo wala asikae karibu na mjamzito. Akanigeukia akaniuliza kama nina mimba. Mama alikuwa ameketi bega kwa bega na mimi. Nikasema hapana.

Alipotoka kwenye kipimo alikuwa amelegea, maana aliingia bila kula. Akanyoosha mkono nimshike. Nikarudi nyuma. Nawaambia kweli, miguu ilirudi yenyewe, nikimuwaza mtoto. Aliyemdaka ni mama mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akisubiri mgonjwa wake. Gesti tulikuwa na chumba kimoja, nikaomba cha pili. Nikamwomba dada wa usafi amsaidie kuoga na kubadili pedi, kazi niliyokuwa naifanya mwenyewe tangu tutoke Mbeya. Mimi nilisimama mlangoni nikitoa maelekezo, kama bosi.

Yule dada alipoondoka, mama akanitazama sana. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwani nanuka?"

Nikamwambia hapana mama, ni uchovu wa safari tu. Akasema sawa, akageukia ukutani. Hiyo "sawa" naisikia mpaka leo, hata cherehani ikiwa inanguruma.

Tukarudi, kila mtu kwake. Hazikupita wiki nyingi mimba ikatoka. Nilimsimulia daktari wa hapa Iringa kila kitu. Akaniambia kipimo cha mama hakihusiki. Lile agizo ni la tahadhari, na kumshika mkono nikamfikisha kwenye kiti kusingemdhuru mtoto. Alidhani ananifariji. Mimi nilitoka pale sina mtoto, na nimejua kwamba mkono wa mama niliukataa bure.

Majibu yalionyesha ugonjwa umesambaa. Mama anaendelea na matibabu, lakini kila nikienda Soweto nakuta ameshaogeshwa mapema, amejipulizia manukato mpaka chumba kinakaba, na kiti changu kimewekwa mlangoni panapopita upepo. Ni yeye anayeagiza kiwekwe pale. Nikisogea kumbadilisha nguo anavuta shuka. "Kaa hapo hapo mwanangu," ananiambia, "wifi yako atanifanyia. Yeye kashazoea." Hana hasira hata kidogo. Angenitukana ningepumua. Wifi naye ameshanitangaza kwa ukoo mzima kwamba binti wa kuzaa anamwogopa mama yake, na kwa macho yake ndivyo ilivyo.

Najua mtaniambia mficha uchi hazai. Hilo naomba mniachie, limeshaniuma vya kutosha. Shida yangu ni kwamba nikimwambia ukweli, swali lake la kwanza litakuwa hiyo mimba iko wapi. Namjua mama. Daktari aseme asemavyo, yeye ataamini ugonjwa wake ndio uliomla mjukuu. Atawafukuza wale watoto kitandani kwake, na anaweza kugoma matibabu akiogopa kuua wengine. Mume wangu anasema ninyamaze, mgonjwa aachwe apumzike. Lakini daktari ametuambia muda uliobaki si mrefu. Nitamzikaje mama aliyekufa akijua kwamba niliona kinyaa mwili ulionizaa?

Juzi wakati wa kuaga nilimshika mkono kwa nguvu, nikakataa kuuachia. Akaniacha kidogo. Kisha akauchomoa polepole, akavuta ncha ya khanga yake, akanifuta vidole kimoja kimoja, ili nisiondoke na uchafu wake.

Jumamosi nakwenda tena Mbeya. Nimwambie, au ninyamaze? Wenye mama na mliowazika, niambieni ninyi, mimi akili yangu imefika mwisho.