Tundu la Pini Ishirini na Tano

Wanafunzi walimwita Bi Nukta, na jina hilo lilimkaa kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kwa miaka kumi na minane alichapa maandishi ya nukta nundu katika shule ya wasioona, kwenye chumba chembamba kando ya maktaba, kwa mashine iliyokuwa na kelele za kuamsha mtaa. Wenzake walipoicheka kwa uzee wake, aliitetea yeye, na kampuni iliyoitengeneza pia, kana kwamba wanamsema mjomba wake.

Mashine ilikata roho katikati ya mtihani wa majaribio. Wanafunzi wakasomewa maswali kwa sauti, na msomaji akawa anaruka mistari.

"Mtihani wa kumaliza shule mtausoma kwa vidole vyenu," Bi Nukta aliwaahidi.

Akaagiza mpya kwa kampuni ileile. Wakala alimwuliza swali moja tu: itachomekwa wapi? Ya zamani ilitumia lile tundu pana la pini ishirini na tano, ambalo kompyuta za siku hizi hazina. Kwa ajili yake alitunza kompyuta moja kuukuu na kuipangusa vumbi kila asubuhi.

"Hayo yamepitwa na wakati, dada," wakala alisema. "Mpya ina tundu dogo. Hicho kikongwe chako cha kompyuta kitoe hata leo."

Akakitoa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikivunjia palepale getini.

Mashine ilifika siku moja kabla ya mtihani, nyeupe, inang'aa. Bi Nukta aliizungusha mara mbili akitafuta tundu dogo. Binti mmoja wa darasa la mwisho, aliyekuja kusikia habari, alipitisha vidole nyuma ya mashine.

"Bi, hili mbona nalijua? Ni lilelile. Hata skrubu zake mbili."

"Labda lingine liko chini."

"Chini nimeshapapasa. Bibi ni yuleyule, kabadilishiwa gauni tu."

Bi Nukta hakucheka. Alimpigia wakala.

"Kiwandani wameliacha kwa ajili ya wateja wa zamani, dada," wakala alisema. "Waya wa kubadilishia upo, ila unaagizwa. Wiki tano hivi."

"Mteja wa zamani ni mimi. Na aliyeniambia niitoe kompyuta ni wewe."

Wakala alikohoa kidogo, akaanza kueleza habari za udhamini wa miaka miwili. Bi Nukta aliikata simu. Miaka yote ile aliwatetea watu ambao hata hawakuangalia nyuma ya mashine yao wenyewe.

"Kwa hiyo kesho tunasomewa," binti alisema.

"Mtasomewa."

"Ulituahidi, Bi."

Walikwenda pamoja hadi darasani. Wanafunzi walitambua hatua zake, kelele zikakatika, na kila mmoja akaweka mikono mezani, vidole vimenyooka, wakidhani amewaletea karatasi ya kwanza waijaribu.